Kuchora ramani ya ardhi na joto lake kutoka picha za setilaiti, kwa mtu wa Kisumu na Nakuru

Ramani yangu ya kwanza ya Kisumu ilitoka na shamba ndani ya ziwa. Kuanzia pale Dunga kuingia ghuba ya Winam kulikuwa na kijani kibichi kabisa, programu imekiita mazao, na mimi nimekaa usiku natazama tu najiuliza hii ni kitu gani, mpaka asubuhi nikashuka ufukweni nikakuta gugumaji limejaa mashua hazitoki. Hapo ndo nikaielewa hii kazi. Setilaiti haijui gugumaji, haijui mpunga, haijui mabati, inajua mwanga uliorudi juu na joto lililotoka chini basi, mengine yote ni wewe mwenyeji unaiambia. Kwa hivyo nitaeleza jinsi ya kutengeneza ramani mbili, moja ya kuonyesha ardhi imefunikwa na nini na nyingine ya joto la uso wa ardhi, alafu tuziweke pamoja, lakini muda mwingi nitaumalizia pale ambapo huku kwetu ndo watu wanakosea, juu mambo ya kubonyeza batani mtu anajifunza siku mbili tu.

Vifaa. Unahitaji laptopu ya kawaida, intaneti, na akaunti ya Google Earth Engine, ile huduma ya Google ya kufanyia hesabu picha za setilaiti mtandaoni, ambayo kwa kazi isiyo ya biashara ni bure ila lazima usajili mradi wako kwanza ueleze unafanyia nini. Pia weka QGIS kwa laptopu, programu ya kuchora ramani, hiyo nayo ni ya bure, tutaitumia mwisho kupanga ramani vizuri. Mimi napenda Earth Engine kwa sababu moja kubwa, bando. Picha moja ya Landsat, zile setilaiti tutakazotumia, ukiipakua ni karibu gigabaiti moja, na ukitaka kufanya miaka kumi ya Kisumu utamaliza pesa ya chakula, lakini ukiwa Earth Engine hesabu inafanyika huko kwao wewe unaletewa jibu tu. Hata ukiwa saiba unaweza kufanya kazi nzuri.

Picha tutakazotumia ni za Landsat. Landsat 8 ilirushwa Februari 2013, Landsat 9 Septemba 2021, kila moja inarudi mahali pale pale baada ya siku 16 na zikiwa pamoja mnapata picha kila siku 8. Ukitaka kurudi nyuma zaidi kuna Landsat 5 ya kuanzia 1984, na hizi picha zote zimekuwa bure tangu 2008. Sentinel-2 ni nzuri sana kwa ramani ya ardhi, ina mita 10, lakini haina kipima joto, kwa hivyo kama unataka zote mbili anza na Landsat kwanza uizoee.

Sasa shika hii kabla hujaandika kodi yoyote ya programu. Pikseli moja ya Landsat, yaani kijiraba kimoja cha picha, ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Ploti yetu ya hamsini kwa mia ni kama mita 465 za mraba, hiyo ni nusu ya pikseli. Kwa hivyo ukiwa Manyatta au Kaptembwo pikseli moja ina nyumba mbili za mabati, choo, njia ya vumbi na mparachichi mmoja, vyote vimechanganywa vikawa rangi moja. Na joto ni zaidi, kipima joto cha Landsat 8 na 9 kinaona mita 100 kwa 100, hiyo ni hekta moja nzima, ploti kama ishirini na moja, ni vile tu wanaikata tena kuwa mita 30 ili ikae sawa na bendi zingine, yaani zile tabaka za picha, kila moja na aina yake ya mwanga. Kwa hivyo mtu akikuambia amepima joto la paa lake na Landsat usikubali. Unapima mtaa, haupimi nyumba.

Picha zinapangwa kwa njia na safu. Kisumu iko njia 170 safu 60, Nakuru iko njia 169 safu 60. Hii ina maana Kisumu na Nakuru hazipigwi picha siku moja, kwa hivyo usichukue picha ya Kisumu ya leo na ya Nakuru ya siku nyingine ukalinganisha joto kama vile ni siku moja, pengine jana yake kulinyesha. Na saa ya kupita ni ile ile kila mara, hapa kwetu ni kati ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi. Kumbuka hiyo saa, tutairudia.

Kuna jambo lingine la huku ambalo limesumbua watu wengi ninaowajua. Tuko kwenye ikweta, na pia tuko karibu na mpaka wa kanda za UTM, mfumo unaogawa dunia vipande vipande kwa ajili ya ramani, ule mpaka wa nyuzi 36 mashariki. Mji wa Nakuru uko kanda ya 37 lakini ukienda tu Njoro umeingia kanda ya 36, na Kisumu iko 36. Tena Landsat hutumia kanda za kaskazini hata kwa sehemu zilizo kusini ya ikweta, kwa hivyo Kisumu yako itakuja na namba za kaskazini zenye alama ya kutoa, na hilo si kosa. Ramani za zamani za hapa nchini nyingi ziko kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima mahali, ukiziweka juu ya Landsat bila kubadilisha unapata barabara zimehama mita mia kadhaa. Chagua mfumo mmoja mwanzo, mimi huweka EPSG:32736 kwa kazi ya Kisumu na EPSG:32737 kwa mji wa Nakuru, hizo ni namba za kanda ya 36 na ya 37 upande wa kusini, na kila kitu kingine nakigeuza kifuate huo.

Haya tuanze. Ndani ya Earth Engine ita mkusanyiko wa LANDSAT/LC08/C02/T1_L2 na wa LANDSAT/LC09/C02/T1_L2, uziunganishe, chuja kwa eneo lako na kwa tarehe. Hapo kwa tarehe ndo pa kufikiria. Mvua ndefu ni Machi mpaka Mei, na hiyo miezi utapata mawingu matupu, kwa hivyo wengi tunakimbilia Januari na Februari anga ikiwa safi. Ni sawa, lakini ujue Januari mashamba ya tambarare ya Kano yamelimwa yako wazi, na udongo ulio wazi kwa macho ya setilaiti unafanana sana na mji. Suluhisho langu ni kutengeneza picha mbili, moja ya kiangazi na moja ya wakati mazao yako shambani, tuseme Juni na Julai, alafu naziweka zote mbili kwa pamoja kwenye uainishaji, yaani pale programu inapoamua kila pikseli ni ardhi ya aina gani. Mji hauoti. Kitu ambacho ni kahawia Januari na kijani Juni ni shamba, kitu ambacho ni kahawia miezi yote ni mji au mwamba. Hiyo peke yake iliondoa makosa yangu mengi kuliko hila nyingine yoyote niliyowahi kujaribu.

Ondoa mawingu kwa bendi inayoitwa QA_PIXEL. Ndani yake kuna biti, yaani alama za ndiyo au hapana, ya 1 ni pembeni ya wingu, ya 2 ni mawingu membamba ya juu, ya 3 ni wingu lenyewe, ya 4 ni kivuli cha wingu, zote hizo unazifunika. Alafu geuza namba ziwe za maana. Bendi za mwanga unazidisha na 0.0000275 kisha unatoa 0.2. Ukisahau hii hatua indeksi zako, zile namba za kulinganisha bendi mbili, zitakuwa mbaya na hautajua kwa nini, juu zile 0.2 haziondoki zenyewe ukigawanya. Baada ya hapo chukua mediani ya kila msimu, ile namba inayokaa katikati ukizipanga, sio wastani, mediani inavumilia wingu moja lililoponyoka.

Ongeza indeksi tatu. Ya mimea, NDVI, unatoa bendi 4 kwenye bendi 5 na kugawanya kwa jumla yao. Ya maji, MNDWI, ni bendi 3 kutoa bendi 6 kugawanya kwa jumla yao. Ya majengo, NDBI, ni bendi 6 kutoa bendi 5 kugawanya kwa jumla yao. Hizi ni namba za bendi za Landsat 8 na 9, tafadhali sana. Kwa Landsat 5 nyekundu ni bendi 3 na ile ya infraredi ya karibu ni bendi 4, na nimeona kazi ya mtu imechapishwa kabisa imetumia namba moja kwa zote mbili, matokeo yake ati msitu umeisha ndani ya miaka ishirini. Ongeza pia urefu wa ardhi kutoka SRTM, utakuja kunishukuru tukifika kwa joto.

Sasa madaraja, yaani aina za ardhi, na sampuli, yaani mifano ya kufundishia programu. Hapa ndo moyo wa kazi na hapa ndo watu wanaharakisha.

Usichukue orodha ya madaraja kutoka kazi ya mtu wa nchi nyingine. Simama Kisumu ujiulize kuna nini. Kuna maji wazi. Kuna maji yenye gugumaji. Kuna matete na mafunjo ya kinamasi kando ya ziwa. Kuna miwa, Kibos, Miwani, Chemelil, Muhoroni. Kuna mpunga wa Ahero. Kuna mashamba madogo ya mahindi na mtama yamechanganyika na boma na miti, kuna malisho na vichaka, kuna mji wa paa zilizobanana kama Nyalenda na Obunga, kuna mji wa miti mingi kama Milimani, kuna udongo wazi na mawe. Si lazima yote yabaki mpaka mwisho, lakini wakati wa kufundisha programu yaweke yakiwa tofauti, utayaunganisha baadaye. Ukiweka gugumaji na maji wazi kwa daraja moja tangu mwanzo unaichanganya, unaiambia kitu kijani na kitu cheusi ni kimoja.

Gugumaji lina tabia ya kuhama. Upepo ukibadilika leo liko Dunga kesho liko upande wa pili, kwa hivyo picha ya mediani ya miezi miwili inakupa kitu cha nusu nusu ambacho hakikuwepo siku yoyote ile. Mimi kwa ziwa nafanya hivi, nachora mpaka wa ziwa kutoka picha za wakati ambao gugumaji lilikuwa kidogo, alafu kijani chochote ndani ya huo mpaka nakiita gugumaji au mafunjo kwa nguvu, na nikitaka kujua eneo lake natumia picha ya siku moja, sio mediani. Mpunga wa Ahero nao ukiwa umejazwa maji unaonekana ziwa, wiki chache mbele unaonekana nyasi, ndo maana zile picha mbili za misimu zinasaidia. Miwa ni ya kuchosha kwa njia nyingine, haivunwi yote pamoja, kwa hivyo shamba moja lina kipande kirefu, kipande kimekatwa jana na kipande kimechomwa cheusi. Chukua sampuli za hali zote tatu uziite miwa.

Upande wa Nakuru kuna mitego yake. Ziwa lenyewe ni la magadi, halina kina, na vijimea vya ndani vinalifanya kijani kiasi cha NDVI kupanda. Ukingo ukikauka unabaki mweupe wa magadi, programu inauita mabati au wingu. Tangu mwaka wa 2010 hivi maji yamepanda sana, yakaingia kwenye msitu wa migunga ndani ya parki na miti ikafa imesimama majini, kwa hivyo kuna pikseli ambazo ni maji na miti mikavu pamoja, ukichukua sampuli ya ufukwe kutoka picha ya zamani uitumie kwa picha ya sasa umefundisha uongo. Menengai ndani kuna lava nyeusi, hiyo inafanana na lami na mji. Na ukishuka Naivasha, ambayo ni kaunti hiyo hiyo, nailoni za nyumba za maua zinang'aa, hizo zipe daraja lao kabisa.

Sampuli zenyewe unazipata vipi. Njia ya kwanza ni kutembea. Weka programu ya GPS kwa simu, panda boda, simama katikati ya kitu kikubwa ambacho angalau kinajaza mita 90 kwa 90, andika ni nini, piga picha kwa pande nne. Nilizunguka Kondele, Mamboleo, Riat, nikashuka Nyamasaria mpaka Ahero kwa siku tatu, na zile alama zimenifaa miaka. Ukifika shambani kwa mtu mwambie unafanya nini kabla ya kutoa simu upige picha, watu wameona mashamba yakipimwa na wageni alafu kesi zinafuata, wana haki ya kuuliza. Kwa habari za zamani hakuna setilaiti inashinda wazee. Jaduong' mmoja Ahero alinionyesha kwa kidole mahali ambapo palikuwa na mto Nyando kabla haujahama, nikaenda nikaangalia picha ya Landsat 5, mto uko pale pale alipoonyesha. Njia ya pili ni picha za karibu za Google Earth Pro ambapo unaweza kurudisha miaka nyuma, lakini angalia tarehe ya picha kila wakati.

Chora poligoni ndogo ndogo nyingi zilizotawanyika, sio poligoni tatu kubwa. Poligoni moja kubwa ya Msitu wa Kakamega ina maelfu ya pikseli lakini kwa ukweli ni sampuli moja tu imerudiwa. Tenga baadhi ya poligoni za kufundisha na zingine za kupima, na ugawe kwa poligoni, usigawe kwa pikseli. Ukigawa kwa pikseli zinakuwa jirani, moja imefundisha na mwenzake anapima, hiyo ni mtihani ulioonyeshwa majibu, unapata asilimia 98 na ramani ni mbovu. Kwa kupima jitahidi upate sehemu 50 kwa kila daraja.

Programu ya kuainisha iko ndani ya Earth Engine, inaitwa smileRandomForest, inajenga miti mingi ya maamuzi alafu miti inapiga kura. Weka miti 100 au 200, mingine acha ilivyo. Watu wanabishana sana kuhusu njia gani ni bora lakini kwa uzoefu wangu kubadilisha njia kunasogeza kidogo, kubadilisha sampuli ndo kunasogeza ramani. Ikimaliza, itoe jedwali la mkanganyiko, linaloonyesha daraja gani limeitwa gani, na ulisome mstari kwa mstari. Ile asilimia ya jumla usiishangilie, ziwa ni rahisi kulipata na likiwa kubwa linabeba darasa zima. Angalia daraja moja moja, miwa ngapi zimeitwa matete, udongo ngapi umeitwa mji. Kisha rudi shambani au kwa picha za karibu, ongeza sampuli pale inapokosea, endesha tena. Mimi huwa narudia mara nne tano hivi. Halafu hata baada ya hapo usihesabu eneo kwa kuhesabu pikseli tu ukatangaza ekari, tumia lile jedwali kurekebisha, kwa sababu daraja linalomeza wenzake litaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Tuje kwa joto. Zamani ilikuwa kazi ndefu ya kubadilisha mionzi, kukadiria hewa, kukadiria uwezo wa kitu kutoa joto, siku hizi bidhaa ya kiwango cha pili inakuja na bendi ST_B10 imeshafanyiwa hayo yote. Unazidisha na 0.00341802, unaongeza 149, hapo uko kwa Kelvini, unatoa 273.15 unapata Selsiasi. Mfano, pikseli ikiwa na 44,000 unapata nyuzi 26.2, ikiwa na 48,000 unapata 39.9. Kwa Landsat 5 bendi inaitwa ST_B6 lakini hesabu ni ile ile. Jaribu kwanza kwa ziwa, bonyeza katikati ya Victoria mbali na ufukwe, ikikuletea kitu cha 24 mpaka 28 uko sawa, ikikuletea 12 pengine umebonyeza wingu jembamba lililoponyoka, ikikuletea mamia umesahau kutoa 273.15. Na ukiona mashimo yenye kingo kali yasiyofanana na mawingu, ni vile hiyo bidhaa inategemea ramani ya uwezo wa kutoa joto iliyotengenezwa na kifaa kingine cha angani kinachoitwa ASTER na mahali ramani hiyo haina kitu hata joto halipo. Usiyajaze kwa kubahatisha.

Kuhusu tarehe, kwa joto usichanganye misimu. Chukua kiangazi cha Januari na Februari kwa miaka miwili mitatu, ondoa mawingu kwa ukali kuliko ulivyofanya kwa ardhi, chukua mediani, na uandike ni picha ngapi zilizoingia kwa kila pikseli. Pikseli iliyojengwa kwa picha moja usiiamini kama iliyojengwa kwa tisa.

Hili ni joto la ngozi ya ardhi, sio joto la hewa unayopumua. Lami ya barabara ya Oginga Odinga saa tano asubuhi inaweza kuwa nyuzi 40 na zaidi na wewe umesimama juu yake hewa ni 27. Ukiandika kwamba Kisumu imefika nyuzi 42 watu wa hali ya hewa watakukataa na watakuwa na haki. Pia ni joto la ile saa moja tu. Kile kinachoumiza mama aliye na mtoto kwenye nyumba ya mabati Nyalenda ni mchana saa nane na ni usiku nyumba ikikataa kupoa, na Landsat haioni hayo yote mawili. Kwa usiku chukua MODIS, kipimo kingine cha setilaiti, pikseli ni kilomita moja lakini inapita usiku pia, au ECOSTRESS iliyo kwenye kituo cha anga tangu 2018, hiyo ina kama mita 70 na inapita saa tofauti tofauti. Mimi naona ni vibaya kufanya kazi ya joto mjini na kuishia asubuhi tu, kwa sababu maamuzi ya wapi pa kupanda miti yanaenda kufanywa na hiyo ramani.

Alafu mabati. Hii nimeikazia sana kwa sababu inawaondoa maskini kwenye ramani. Chuma kipya kinachong'aa hakitoi joto lake vizuri kama mionzi, uwezo wake ni mdogo, na hesabu ya setilaiti inadhani ni kitu cha kawaida, kwa hivyo inasoma paa jipya kuwa na baridi kuliko lilivyo. Mabati yaliyoshika kutu au yenye rangi hayana shida hiyo sana. Matokeo ni kwamba mtaa mpya wa mabati meupe unaweza kutoka kwa ramani ukiwa na joto la chini na mtu akasema pale hakuna shida. Ukiona mtaa wa mabati umepoa ghafla kati ya picha mbili usifurahie, enda uulize kama watu wamebadilisha paa. Ukiweza chukua kipimajoto cha kawaida, kaa na familia ndani siku nzima, andika kila saa, ukipata nyumba tano umepata kitu ambacho hakuna setilaiti itakupa.

Sasa weka ramani mbili pamoja. Kwa kila daraja tafuta mediani ya joto na mtawanyiko wake. Kabla ya hapo kata kingo, ondoa pikseli zote zilizo ndani ya mita 100 kutoka mpaka wa daraja, juu kipima joto ni kipana na ufukwe wa Dunga una nusu ya ziwa nusu ya mji. Mtaa mwembamba sana utapotea kabisa, ni sawa, afadhali upotee kuliko utoe namba ya uongo.

Usishangae ukikuta mashamba yaliyolimwa ya Kano yana joto kuliko mji wenyewe. Udongo mweusi mkavu saa tano asubuhi Januari unashika moto sana kuliko mtaa wenye kivuli cha nyumba na miti miwili mitatu. Watu wengi wanasoma vitabu vya miji ya ulaya ambapo pembeni ya mji ni kijani, wanatarajia mji uwe kisiwa cha joto, wakikosa wanadhani wamekosea hesabu. Hapana. Linganisha Nyalenda na Milimani, linganisha mji na miwa, linganisha mji na kinamasi, na useme wazi umelinganisha na nini.

Na hapa ndo ile SRTM inakuja. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, mji wa Nakuru karibu 1,850, na Mau inapita 2,500. Hewa inapoa karibu nyuzi 6.5 kila ukipanda kilomita moja, kwa hivyo ukisema msitu wa Mau una baridi kuliko Nakuru mjini, sehemu kubwa ni mlima sio miti. Linganisha vitu vilivyo kwenye urefu unaokaribiana, tuseme ndani ya mita 100, au ondoa athari ya urefu kwanza kwa mstari wa regresheni, yaani mstari unaoonyesha joto linavyoshuka urefu ukipanda. Miti inapoza, hiyo ni kweli, tena sana, lakini ionyeshe kwa msitu na shamba vilivyo jirani kwenye mteremko mmoja, hapo hakuna mtu atakubishia. Menengai pia ukiona moto usiseme ni mvuke wa chini, ile lava nyeusi inachomwa na jua tu, picha ya usiku ndo itakuambia mahali mvuke uko.

Ukitaka kuonyesha mabadiliko ya miaka, tuseme 1995 na sasa, fundisha kila mwaka kwa sampuli zake. Angalia kwanza picha zilizopo, juu miaka ya tisini picha za Landsat 5 za huku ni chache sana, na Landsat 7 kuanzia 31 Mei 2003 ina mistari mitupu kwa sababu kifaa chake kimoja kiliharibika. Joto la mwaka mmoja usilitoe kwenye la mwaka mwingine moja kwa moja, mwaka mmoja ulikuwa mkavu mwingine ulikuwa na mvua, tafuta tofauti kati ya mtaa na ziwa, au mtaa na msitu, ndani ya mwaka ule ule, alafu ulinganishe hizo tofauti.

Mwisho toa faili ya GeoTIFF, picha inayojua mahali pake duniani, ifungue kwa QGIS. Kwa ramani ya joto usitumie upinde wa mvua, tumia rangi moja inayokolea, hata mtu asiyeona nyekundu na kijani vizuri ataisoma, na hata ikitolewa fotokopi nyeusi na nyeupe bado inaeleweka. Weka majina ambayo watu wanayatumia, Kibuye, Kondele, Bondeni, Free Area, sio namba za wadi tu, kwa sababu nikiipeleka barazani kitu cha kwanza mama anatafuta ni nyumbani kwake. Pale chini andika tarehe za picha, saa ya kupita, ukubwa wa pikseli ya joto ambao ni mita 100, asilimia ya usahihi ya kila daraja, na kwamba hili ni joto la uso wa ardhi. Hifadhi poligoni zako za sampuli pamoja na ramani na umpe yeyote atakayeziomba.